Kijivu Kisichokuwepo: Historia ya Picha za Kamera Juu ya Mbao

Picha ya kamera imejengwa kwa vivuli vinavyofuatana bila mpaka, kutoka weusi mzito hadi weupe wa karatasi, na kati ya ncha hizo mbili mna daraja za kijivu zisizohesabika. Mbao, kwa upande wake, haina kijivu cha kutoa: fundi anaweza kuikata au kuiacha, kuichoma au kuiacha, kisha jicho la mtazamaji ndilo linaloachiwa kazi ya kuchanganya alama na nafasi mpaka lione shavu, wingu au maji. Kwa hiyo historia ya kuhamishia picha za kamera kwenye mbao, ambayo leo inajulikana zaidi kupitia mashine ndogo za leza ya diodi zinazotosha kukaa juu ya meza, ni historia ya swali moja la ufundi, yaani ni nani anayeamua kivuli fulani kiwe alama ipi. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 aliyeamua alikuwa mchongaji mwenye kalamu ya chuma. Baadaye uamuzi ukachukuliwa na wavu wa kioo, na sasa unafanywa na hesabu iliyofichwa ndani ya programu. Mabadiliko hayo hayakufuata njia iliyonyooka, na mashine ya leo, pamoja na upya wake wote, imewarudisha watumiaji wake kwenye matatizo ambayo wachongaji wa London na New York waliyafahamu vizuri.

Kuchapisha picha kwa mbao ni ufundi wa kale, lakini kwa muda mrefu ubao uliotumika Ulaya ulikuwa umepasuliwa kwa urefu wa shina, na nyuzi zake zilikatika ovyo kila kisu kilipozikingama. Aliyeifikisha njia nyingine kwenye ukamilifu wake ni Thomas Bewick, aliyezaliwa mwaka 1753 karibu na Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na ambaye mwaka 1767 aliingia uanagenzini kwa Ralph Beilby, fundi wa kuchonga metali. Bewick alichukua zana za metali akazipeleka kwenye mbao, hususan burini, yaani chombo chembamba cha chuma cha pua chenye ncha iliyonolewa kwa mshazari na mpini mfupi unaokaa kiganjani, ambacho husukumwa mbele badala ya kuvutwa. Mbao yenyewe ilikatwa kwa kukingama shina, hivi kwamba uso wa kazi ulikuwa ni ule unaoonyesha pete za ukuaji wa mti, na kwa kuwa hapo nyuzi zote husimama wima, burini iliweza kuelekea upande wowote bila kupasua. Mti uliopendelewa ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Buxus sempervirens, mti mdogo, mgumu na wenye chembe zilizoshikana sana, ambao ulisafirishwa kwa wingi kutoka nchi za Uturuki na maeneo ya Bahari Nyeusi. Kitabu cha Bewick cha wanyama wa miguu minne kilitoka mwaka 1790, na juzuu mbili za ndege wa Uingereza zikafuata mwaka 1797 na 1804.

Sababu iliyoifanya njia hii iliteke soko haikuwa uzuri peke yake. Bamba la shaba hushika wino ndani ya mifereji iliyochongwa na huhitaji mtambo wake maalumu, ilhali kipande cha mbao hushika wino kwenye uso uliobaki juu, sawa na herufi za risasi za wapiga chapa. Kipande kikikatwa kwa kimo cha herufi hizo, yaani takriban milimita 23.3, huweza kufungwa pamoja na maandishi ndani ya fremu moja na kuchapishwa kwa mara moja. Magazeti ya picha yasingewezekana bila jambo hilo. Toleo la kwanza la Illustrated London News, lililotoka tarehe 14 Mei 1842, lilikuwa na kurasa 16 na picha 32, zote zikiwa zimechongwa kwenye mbao. Mwaka uliofuata Paris ikapata L'Illustration na Leipzig ikapata Illustrirte Zeitung, na mwaka 1857 New York ikapata Harper's Weekly.

Haja ya magazeti hayo ilibadilisha mazingira ya ufundi. Shina la mti wa Buxus mara chache huwa na kipenyo cha kutosha ukurasa mzima, kwa hiyo vipande vidogo viliunganishwa kwa gundi, na tangu karibu mwaka 1860 kwa skrubu na nati nyuma yake, hivi kwamba picha moja kubwa iliweza kufunguliwa baada ya kuchorwa, vipande vikagawiwa wachongaji kadhaa waliofanya kazi usiku kucha, kisha vikafungwa tena alfajiri. Fundi mkuu alichonga kwanza mistari inayopita kwenye maungio, ili mkono wa huyu ukutane na mkono wa yule bila pengo. Mfumo huo ulikuwa na gharama yake: mchongaji aliyepewa robo ya anga na nusu ya farasi hakuwa na nafasi ya kufikiri kuhusu picha kama kitu kimoja, na mtindo wa kila mtu ulilazimika kufanana na wa mwenzake. Pamoja na hayo, katika karakana za wachongaji hao ndimo ilimojengwa elimu nzima ya kugeuza kijivu kuwa mistari, yaani mistari iliyokaribiana kwa kivuli kizito, iliyoachana kwa mwanga, iliyopinda kufuata umbo la mwili, iliyokatizana kwa kitambaa, na nukta fupi kwa ngozi ya uso.

Kamera iliingia katika karakana hizo mapema kuliko inavyodhaniwa. Mnamo mwaka 1839, mwaka uleule ambao ugunduzi wa fotografia wa Louis Daguerre ulitangazwa Paris na ule wa William Henry Fox Talbot ukatangazwa London, jarida moja la Kiingereza la sayansi kwa watu wa kawaida, The Magazine of Science, lilichapisha picha za majani na vitambaa zilizopatikana kwa kupaka kipande cha mbao chumvi za fedha zinazogeuka nyeusi kwa mwanga, kisha kuchonga kwa kufuata kivuli kilichobaki. Hata hivyo ilipita miaka ishirini hivi kabla njia hiyo haijawa ya kutegemewa, kwa sababu utando wa kemikali ulipokuwa mzito ulimenyeka chini ya burini, na maji ya kusafishia yalivimbisha mbao na kuharibu usawa wa uso wake. Karibu mwaka 1860 mchongaji Thomas Bolton wa London alihamishia kwenye mbao picha ya kamera ya sanamu bapa ya John Flaxman na kuichonga moja kwa moja, bila mchoraji kuingia kati.

Faida iliyotambuliwa kwanza ilikuwa ya wachoraji. Kabla ya hapo msanii alilazimika kuchora juu ya mbao yenyewe, tena kwa kugeuza kushoto kuwa kulia kwa kuwa chapa hugeuza kila kitu, na mchoro wake ukaangamia chini ya burini, asibaki na ushahidi wowote wa kile alichokuwa amekikusudia. Picha ya kamera ilipoanza kutumika, mchoro ulibaki salama kwenye karatasi, ukaweza kupunguzwa au kukuzwa, na mtu yeyote akaweza kuulinganisha na kazi ya mchongaji. Inafaa kusema kwamba hapo ndipo mchongaji alipoanza kuhukumiwa kwa usahihi badala ya kuhukumiwa kwa ufundi, na kwamba hukumu hiyo haijamwondokea hadi leo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Unguja mwaka 1874 kwa safari iliyomfikisha kwenye mdomo wa Mto Kongo mwaka 1877, na kamera ilikuwa miongoni mwa vifaa vyake. Kitabu chake cha juzuu mbili, Through the Dark Continent, kilipotoka mwaka 1878, baadhi ya picha zake zilielezwa kuwa zimetokana na fotografia, zikiwemo mandhari za mji wa Unguja. Lakini kilichofika mbele ya msomaji hakikuwa fotografia. Kilikuwa chapa ya mbao, na kila ukuta wa chokaa, kila kanzu na kila uso ulikuwa umepitia mikononi mwa mchongaji ambaye hakulazimika kuwa amewahi kuvuka Mfereji wa Suez. Alichokuwa nacho ni kijivu cha picha, naye alikijaza mistari ya mazoea ya karakana yake. Mtafiti anayetumia picha hizo kama ushahidi wa Unguja ya zama za Sultani Seyyid Barghash anapaswa kukumbuka kwamba umbo la jengo huenda limetoka kwenye lenzi, ilhali hali ya mwanga, sura ya anga na pengine hata watu wachache waliosimama mbele ya jengo hilo vilikuwa ndani ya uwezo wa mchongaji kuongeza au kupunguza.

Mgogoro mkubwa kuhusu uwezo huo ulizuka Marekani katika miaka ya 1870. Mhariri wa picha wa jarida la Scribner's Monthly, Alexander Drake, alihimiza michoro na picha za rangi zihamishiwe kwenye mbao kwa kamera, na kundi la wachongaji vijana, wakiwemo Frederick Juengling na Timothy Cole, likaanza kuchonga kwa mistari myembamba mno ili kuiga si umbo tu bali hata alama ya brashi, mkaa na karatasi ya msanii. Kundi hili liliitwa Shule Mpya. Aliyesimama kulipinga alikuwa William James Linton, mchongaji Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 1879 na katika historia yake ya uchongaji wa Marekani ya mwaka 1882 alishikilia kwamba mchongaji anapaswa kuchora kwa burini yake, yaani kuchagua kila mstari kwa sababu unasema kitu kuhusu umbo, na kwamba anayefuata kila punje ya picha ya kamera amejigeuza kuwa mashine. Cole kwa upande wake alitumwa Ulaya mwaka 1883, akazihamishia picha za mabingwa wa zamani kwenye mbao kwa kamera, kisha akachonga akiwa amekaa mbele ya picha zenyewe katika majumba ya sanaa, na kazi hiyo ikamshughulisha kwa zaidi ya robo karne.

Ukitazama chapa za Cole leo ni vigumu kumpa Linton ushindi kamili, kwa sababu ulaini wa vivuli vyake ni wa ajabu na hakuna mashine iliyoweza kuuzalisha kwa mti na chuma. Hata hivyo hoja ya Linton ilikuwa na unabii ndani yake. Kama kazi ya mchongaji ni kufuata kijivu cha kamera kwa uaminifu bila kuongeza fikra, basi siku chombo kisicho na fikra kitakapoweza kukifuata kwa bei ndogo, mchongaji hatakuwa na cha kujitetea.

Siku hiyo haikuchelewa. Talbot alikuwa amekwisha kupendekeza mwaka 1852 kwamba picha ipitishwe kwenye kitambaa chembamba ili kijivu chake kivunjike kuwa nukta; tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapisha kwa njia ya Stephen Horgan picha ya mtaa wa vibanda iliyovunjwa kwa mistari; Georg Meisenbach wa Munich akapata hataza yake mwaka 1882; na katika miaka ya 1890 ndugu Louis na Max Levy wa Philadelphia wakauza nyavu za kioo zenye mistari iliyokatizana kwa usahihi mkubwa. Njia hiyo, ambayo wapiga chapa waliiita hafutoni, hugawa picha nzima kuwa nukta zilizopangwa kwa umbali sawa, ambapo nukta kubwa huonekana kama giza na nukta ndogo kama mwanga. Wanahistoria wa majarida ya Marekani wametaja kwamba mchongo wa mbao wa ukurasa mzima uliweza kuligharimu jarida hadi dola 300, ilhali bamba la hafutoni lilipatikana kwa chini ya dola 20. Mbele ya tofauti kama hiyo mjadala wa sanaa ulikoma wenyewe, na kufikia mwisho wa karne karakana nyingi zilikuwa zimefungwa, wachongaji waliobaki wakiajiriwa kurekebisha kwa burini mabamba ya hafutoni yaliyotoka na dosari.

Kuna hatua moja ya katikati ambayo husahaulika, nayo ndiyo inayofanana zaidi na mashine za leo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Fairchild ya Marekani iliwaletea wenye magazeti madogo mtambo ulioitwa Scan-A-Graver, ambao picha ilifungwa juu ya silinda moja na karatasi ngumu ya plastiki juu ya silinda nyingine, silinda hizo zikazunguka pamoja, jicho la umeme likasoma giza na mwanga wa picha mstari baada ya mstari, na sindano iliyopashwa moto ikachoma vishimo kwenye plastiki kwa ukubwa uliolingana na mwanga huo. Rudolf Hell wa Kiel, Ujerumani, naye alileta katika miaka ya 1950 mtambo wa aina hiyo uliochonga kwa ncha ya chuma. Katika mitambo hii picha ilikuwa tayari imeacha kuwa uso mmoja na kuwa mfululizo wa vipimo, na alama ilikuwa tayari inatolewa na joto. Kilichokosekana ni moto usiogusa kitu, pamoja na mashine ya hesabu.

Hesabu ilifika kwanza. Mwaka 1962 Lawrence Roberts, akiwa MIT, alionyesha kwamba picha iliyopunguzwa daraja za kijivu huonekana vizuri zaidi ikiongezewa vurugu kidogo kabla ya kupunguzwa. Mwaka 1973 Bryce Bayer wa Kodak akaeleza njia ya kupanga nukta kwa jedwali maalumu. Na mwaka 1976 Robert Floyd na Louis Steinberg wakachapisha kanuni ambayo mpaka sasa haijapitwa kwa umaarufu. Mantiki yake ni nyepesi. Kila pikseli, yaani kila punje moja ya picha, ina thamani kati ya 0, ambayo ni nyeusi, na 255, ambayo ni nyeupe. Ikiwa pikseli ina thamani ya 100 na chombo kinachotumika kinajua nyeusi na nyeupe tu, pikseli hiyo itafanywa nyeusi, na kwa kufanya hivyo picha imepoteza mwanga wa kiasi cha 100. Badala ya kuutupa mwanga huo, Floyd na Steinberg waliwagawia majirani ambao bado hawajafikiwa: sehemu 7 kati ya 16 kwa wa kulia, 3 kwa wa chini kushoto, 5 kwa wa chini na 1 kwa wa chini kulia. Deni la pikseli moja hulipwa na zinazoifuata, na matokeo yake ni uwanja wa nukta zenye ukubwa mmoja, ambazo hukusanyika penye giza na kutawanyika penye mwanga bila mpangilio wa wavu kuonekana. Mwaka huohuo watafiti wa maabara za Bell, yaani Jarvis, Judice na Ninke, walipendekeza kuligawa deni hilo kwa majirani 12. Peter Stucki wa IBM akafuata mwaka 1981 kwa mgao wake. Na Bill Atkinson, alipokuwa akitengeneza programu za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, aliamua kugawa robo tatu tu ya deni na kuiacha robo iliyobaki ipotee, jambo linaloifanya picha iwe na mwanga mkali na giza zito zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akifikiria mbao. Walikuwa wakishughulika na vioo vya kompyuta na mashine za kuchapa.

Moto usiogusa ulipitia njia ndefu zaidi. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya kito cha yakuti, tarehe 16 Mei 1960 huko California, na miaka miwili baadaye, Septemba 1962, Robert Hall wa General Electric akapata mwale wa leza kutoka kwenye diodi, yaani kipande kidogo cha madini ya nusu-kipitishi ambacho huruhusu umeme kupita upande mmoja na ambacho, kikitengenezwa kwa namna maalumu, hugeuza umeme huo kuwa mwanga. Diodi ya Hall ilitoa mwanga usioonekana na ilifanya kazi kwa mapigo mafupi tu, ikiwa imezamishwa katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwezi uliofuata Nick Holonyak wa kampuni hiyohiyo akapata mwanga mwekundu, lakini haikuwa mpaka mwaka 1970 ambapo kundi la Zhores Alferov huko Leningrad, na Izuo Hayashi pamoja na Morton Panish huko Marekani, waliiwezesha diodi kuwaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Diodi hizo zilisoma santuri za sidii kuanzia mwaka 1982, lakini nguvu yake ilikuwa ndogo na mwanga wake haukuwa na hamu ya mbao nyeupe.

Kwa hiyo wakati wote huo picha zilizochomwa kwenye mbao kwa leza zilitoka kwenye mashine za kaboni dioksidi, aina iliyovumbuliwa na Kumar Patel wa maabara za Bell mwaka 1964, ambayo hutumia bomba la gesi na kutoa mwale wa joto wenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6. Mashine hizo zilikuwa, na bado ni, zana bora za kiwandani, ila bei na ukubwa wake viliziweka mbali na fundi wa kawaida.

Mlango ulifunguliwa na rangi ya buluu. Shuji Nakamura, akifanya kazi katika kampuni ya Nichia kwenye mkoa wa Tokushima, Japani, alitangaza mwanzoni mwa mwaka 1996 leza ya diodi ya madini ya galiamu naitraidi yenye mwanga wa urujuani, na katika miaka iliyofuata diodi za aina hiyo ziliongezwa nguvu kwa ajili ya kazi ambazo hazikuhusiana na uchongaji. Mwaka 2010 kampuni ya Casio ilianza kuuza projekta ambazo ndani yake mlikuwa na diodi nyingi za buluu za nanomita 445 hivi, kila moja ikiwa na nguvu ya takriban wati moja, na haikuchukua muda kabla wapenzi wa elektroniki hawajaanza kuzinunua projekta hizo ili kuzivunja na kuchukua diodi. Mwanga wa buluu hunyonywa vizuri zaidi na mbao kuliko mwekundu, hususan na lignini, ile kemikali inayoushikamanisha mti na kuupa ugumu, nayo lenzi huweza kuukusanya katika doa dogo zaidi kwa kuwa wimbi lake ni fupi.

Mkono wa kuishika diodi hiyo ulikuwa tayari umepatikana. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa programu huria iitwayo Grbl, ambayo iliiwezesha bodi ya bei nafuu ya Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, kuongoza mota za mashine kwa lugha ya amri iliyokuwa ikitumika viwandani tangu katikati ya karne ya 20. Toleo la 1.1 la programu hiyo liliongeza hali maalumu ya leza, ambamo nguvu ya mwale hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa mashine, kwa sababu kichwa cha mashine hakina budi kupunguza kasi kinapokaribia kugeuka, na bila marekebisho hayo kingo zote za picha zingeungua zaidi ya katikati yake. Baadaye watengenezaji wakaanza kuunganisha miale ya diodi mbili, nne au nane kwa vioo na lenzi, mpaka nguvu ikafika wati 10, 20 na 40, ingawa kwa picha nguvu kubwa si neema: doa la diodi moja huwa la takriban sehemu nane za mia za milimita, na diodi zinapounganishwa doa huelekea kupanuka.

Hapa ndipo historia ya karne ya 19 inaporudi kwa sura nyingine. Mbao iliyokuwa chombo cha kuchapishia sasa imekuwa picha yenyewe. Kipande kimoja hutoa nakala moja, hakuna haja ya kugeuza kushoto kuwa kulia, na alama iliyokuwa nyeupe kwa Bewick, kwa kuwa burini huondoa kinachoshika wino, sasa ni nyeusi, kwa kuwa mwale huacha mkaa. Sifa zilizotakiwa kwenye mbao, hata hivyo, zimebaki karibu zilezile. Mbao yenye chembe zilizoshikana na rangi ya kufanana, kama ile ya mti wa Tilia au ya mepo, hupokea nukta kwa usawa. Msonobari, ambao kwenye mashamba kama Sao Hill mkoani Iringa hupandwa kwa wingi na hupatikana kwa bei nzuri, una pete pana ambazo sehemu yake laini huungua upesi na sehemu yake ngumu hukataa, hivi kwamba uso wa mtu unaweza kukatizwa na milia ya mti. Mninga una wekundu na kahawia unaopunguza tofauti kati ya alama na uso, na mpingo, pamoja na utukufu wake wote katika zumari na vinyago, hauna manufaa hapa, kwa sababu mkaa hauonekani juu ya kitu kilicho cheusi tayari.

Jambo la pili lililorudi ni lile la kijivu. Kwa nadharia mwale wa diodi huweza kupunguzwa nguvu kwa daraja nyingi, na mtu angetarajia kila daraja itoe kahawia yake. Kwa vitendo mbao haitii uwiano huo. Chini ya kiwango fulani cha joto haibadiliki kabisa, juu yake kidogo hubadilika ghafla, na baada ya hapo huzidi kuchimbika bila kuzidi weusi, huku kiwango hicho kikihama kutoka ubao mmoja hadi mwingine na hata ndani ya ubao uleule. Ndiyo maana mafundi wengi hurejea kwenye nukta, kwa sababu nukta haihitaji mbao iwe na daraja, inahitaji tu ijue kuungua na kutoungua. Nafasi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kati ya mstari na mstari, ambayo ni mistari 254 kwa inchi, imekuwa ya kawaida, lakini doa likiwa pana kuliko nafasi hiyo nukta huvamiana na vivuli hufungana kuwa giza moja, kosa ambalo mchongaji wa Shule Mpya angelitambua mara moja kwa kuwa lilimtokea kila wino ulipojaa kati ya mistari yake. Theodore Low De Vinne, mpiga chapa wa jarida la Century, alilitatua kwa karatasi laini iliyopakwa na kuchapishwa ikiwa kavu. Fundi wa leo hulitatua kwa kuinyanyua mianga ya picha ndani ya kompyuta, kusugua mbao kwa msasa laini, na kupunguza hesabu ya mistari mpaka ilingane na doa halisi la mashine yake wala si lile lililoandikwa kwenye kasha.

Katika programu zinazoziongoza mashine hizi mtumiaji hukutana na orodha ya majina: Jarvis, Stucki, Atkinson, hafutoni, kijivu. Wengi huchagua kwa kujaribu, na si vibaya, ila kila jina ni uamuzi uliofanywa na mtu fulani kuhusu deni la mwanga. Njia ya Atkinson huacha mashavu na mashati meupe yakiwa safi lakini hupoteza maelezo katika mianga. Ile ya Jarvis hutandaza nukta kwa upole na kufaa picha za watu zilizopigwa katika mwanga hafifu. Hafutoni huonyesha wavu wake waziwazi na kuifanya picha ifanane na gazeti la zamani. Linton angeuliza ni kwa nini uso na ukuta vipewe kanuni moja, naye angekuwa na haki, kwa kuwa mchongaji yeyote wa karakana za London alijua kwamba ngozi, pamba na mawe havichongwi kwa alama za aina moja. Baadhi ya mafundi hodari wameanza kuligawa hilo wenyewe: huitenga sura na mandhari ndani ya kompyuta, huichoma sura kwa kanuni moja na mandhari kwa nyingine, na kabla ya yote huchoma kwenye pembe ya ubao uleule miraba midogo ya majaribio yenye kasi na nguvu tofauti, kwa kuwa mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja haziungui sawa.